Mkwe Ndani ya Mashine

Mto-kinga, kifuko laini cha kujazwa hewa, uliingia mwilini mwa Bi. Mize ukiwa mwembamba kama utambi wa taa, kisha ukaanza kuvimba taratibu. Kazi yake ilikuwa kusukuma kibofu upande huu na utumbo wa nyuma upande ule, ili mbegu ya mnururisho ikifika kwenye shingo ya kizazi iunguze saratani peke yake, isiguse nyama iliyo nzima.

Aliyeubuni ni mhandisi Faki Hamadi wa Wete, mkwewe Bi. Mize mwenyewe, na asubuhi hiyo ya mwaka 2088 alikuwa amevimba kuliko mto wake. Alikaa chumba cha pili na mkewe, Raya, wakitazama kioo cha vipimo. Mashine ya tiba ilizungumza na mgonjwa kwa sauti yake Faki.

"Mama, huko nyuma kunauma?"

"Salama, baba."

Mstari mwekundu ukaonyesha mto umeteleza. Faki akakunja uso. Mto ukiteleza, mgonjwa husikia maumivu makali.

"Mama, kunauma?" mashine ikarudia.

"Salama kabisa, baba. Alhamdulillahi."

Mashine ikaendelea, ikaisukuma mbegu ndani. Faki ndiye aliyeifundisha hivyo: vipimo vikigongana na neno la mgonjwa, liaminiwe neno la mgonjwa, maana mashine za zamani hazikumsikiliza mtu. Sasa hakujua aamini nini. Alikipiga kioo kofi, akahesabu upya, akaulaumu umeme. Dakika nne zikapita na kichwa chake kimevurugika vibaya.

"Mama anajua sauti hiyo ni yako?" Raya aliuliza.

"Anajua. Nilimwambia mwenyewe, asije akaogopa."

Raya akashika kichwa. "Faki! Mama hajapata kukwambia hata jino linamuuma. Leo akwambie ya huko? Wewe, mkwewe?"

Faki akabonyeza kitufe, mbegu ikarudi kwenye kasha lake. Aliogopa kuzisoma tarakimu, akazisoma. Utumbo ulikuwa umekwisha kula mnururisho wa kuudhuru. Kidonda kingejitokeza baada ya miezi, na huenda kisingepona.

Raya akavuta kipaza sauti. "Mama, ni mie."

"Raya?" Bi. Mize aliitambua sauti ya mwanawe. "Mwanangu, kunaniuma tangu mwanzo. Mumeo yupo hapo?"

Raya akamtazama mumewe, aliyekuwa amegusana naye mabega.

"Hayupo, mama. Sema tu."

Faki akavua viatu visilie sakafuni, akatoka kabla Bi. Mize hajaanza kusema.