Wawili Katika Mraba Mmoja

Siku ya soko mjini Kitale, upande wa mitumba hapakuwa na mahali pa kuweka mguu. Wacuka, aliyevaa sweta la rangi ya haradali juu ya gauni la kitenge, alikuwa ameinama mbele ya turubai la muuza vitu vikuukuu alipoiona, kati ya pasi ya makaa na redio isiyo na mgongo: kamera ya zamani ya lenzi mbili, moja juu ya nyingine, ya kutazamwa kutoka juu kama mtu anayechungulia kisimani. Alinyoosha mkono. Mkono mwingine ulikuwa umekwisha kuushika mkanda wa kamera hiyo.

Mwenye mkono huo alikuwa Kipkemei, mpima ardhi kutoka Bungoma, kijana mrefu mwenye shati lililopigwa pasi na viatu vyenye udongo mwekundu.

"Si ungeniacha kwanza niangalie," alisema Wacuka.

"Mimi nilianza kuangalia kabla yako."

"Ati kuangalia. Umeishika kama mtu amebeba kuku wa Krismasi."

Kipkemei alicheka, akampa. Wacuka aliifungua mgongo, akaielekeza lenzi kwenye jua kutafuta nyuzi za kuvu, kisha akaibofya kwa mwendo wa polepole kuliko yote, sikio karibu, asikie kama chuma kinasita. Alilelewa katika studio ya baba yake, Mzee Kinyua, aliyewapiga picha maharusi wa mji huo kwa kamera ya namna hiyo hadi simu zilipomnyang'anya wateja. Lenzi ilikuwa safi. Sponji ya kuzuia mwanga kwenye mlango wa kamera ilikuwa imeoza ikawa kama lami, lakini hilo lilitibika. Lisilotibika lilikuwa bei. Ilimshinda Wacuka, ikamshinda Kipkemei vilevile, na walipotazamana, wazo liliwajia pamoja, nalo halikuwa wazo la watu wenye akili timamu: wainunue kwa ushirika.

Wacuka alikwangua ile sponji na kuweka uzi mweusi wa kufumia mahali pake. Kipkemei alileta vifuko vya kunyonya unyevu, alivyoviokota katika masanduku ya viatu madukani, akavitandika ndani ya mkebe wa biskuti ili baridi ya Kitale isioteshe kuvu. Filamu iliagizwa kutoka Nairobi na ilikuwa ghali, kwa hiyo waliigawana. Kila filamu ilitoa picha kumi na mbili za mraba: mmoja alipiga sita, akautuma mkebe wenye kamera kupitia ofisi ya vifurushi, na mwenzake akamalizia. Wacuka aliisafisha filamu katika bafu lake, akazitazama siku zao zikitokea zimefuatana, za Kitale na za Bungoma, kama za nyumba moja.

Mapenzi yalipitia humo humo. Walianza kupigiana simu kuulizana kuhusu mwanga, na kabla ya muda mrefu mwanga ulisahaulika. Kipkemei alimwita "Fundi". Wacuka alimwita "Bwana Mipaka", akitaka kujua kama amekwisha kuupima moyo wake au bado anatafuta jiwe la kona.

Jambo moja hawakuwahi kuulizana, kwa kuwa kila mmoja aliamini kwamba liko wazi. Mzee Kinyua alimfundisha bintiye kwamba ukishapiga, sogeza filamu papo hapo, kamera ikae tayari. Kipkemei, aliyejisomea mwenyewe, aliisogeza pale tu alipotaka kupiga picha nyingine, ili filamu isilegee ikingoja. Zamu ilipotoka kwa Wacuka kwenda kwa Kipkemei, nafasi moja ilipotea tupu, nao wakadhani kamera inazeeka. Filamu mpya ilipoanzia kwa Kipkemei, Bungoma, hatari iligeuka. Kamera hiyo haikuwa na kizuizi cha kumkataza mtu kupiga picha mbili, moja juu ya nyingine, kwenye nafasi moja ya filamu.

Mwezi huo Kipkemei alipanda nyumbani kwao Cheptais, mlimani, kumwambia mama yake kwamba anampenda binti wa Kikuyu wa Kitale. Alikwenda na hofu, maana mlima ule una kumbukumbu ndefu ya ugomvi wa makabila juu ya ardhi. Mama aliingia ndani, akatoka amevaa kitambaa kipya cha kichwa, akaketi kwenye kigoda kando ya mlango. "Nipige," alisema. "Huyo msichana anione mimi kwanza." Hiyo ikawa picha ya sita. Kipkemei hakumwambia Wacuka neno. Alitaka aikute mwenyewe kwenye filamu.

Kamera ilifika Kitale katika wiki ambayo mwenye jengo aliamua kuibomoa studio. Wacuka alimvalisha baba yake koti la kijivu, akamketisha mbele ya ukuta uliochorwa maporomoko ya maji, ukuta uliokuwa nyuma ya kila harusi ya utoto wake. Alipiga mara moja tu, mzee asichoke. Kesho yake ukuta ulikuwa kifusi.

Filamu iliposafishwa, mwanamke mgeni alikuwa ameketi ndani ya maporomoko ya maji, ubavuni mwa baba yake.

Wacuka alipiga simu huku akilia.

"Hukusogeza filamu."

"Nani aliniambia nisogeze?"

"Ukuta haupo tena, Kipkemei. Umeniharibia baba yangu na mtu simjui, amekaa hapo kama doa."

"Sawa, Wacuka," alisema Kipkemei, na simu ikakatika.

Masika yalipita mkebe ukiwa kabatini. Kipkemei alipiga simu mara moja tu, akamwambia aivue kamera koti lake la ngozi kwa sababu ngozi hukaribisha kuvu. Wacuka alimjibu kwamba amesikia. Wote wawili walingoja mwingine aendelee kusema, mpaka salio la Kipkemei likaisha.

Ni Mzee Kinyua aliyeiulizia picha yake. Bintiye alijitetea kwamba imeharibika, mzee akamkumbusha kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiamua hayo katika studio ile. Alipopewa, aliisogeza dirishani, akaitazama kwa utulivu.

"Huyu mama alivalia kupigwa picha," alisema. "Kitambaa bado kina mikunjo ya dukani. Anamtazama mpigaji kama mzazi. Uliuliza ni nani?"

Wacuka hakuwa ameuliza. Alikwenda uani, akapiga simu.

"Yule mama kwenye picha, Kipkemei. Ni nani?"

"Ni mama yangu. Alitaka umwone kabla hajakuona."

"Na mimi nikamwita doa." Alivuta pumzi. "Nisamehe, mpenzi. Uko wapi?"

"Niko Cheptais. Yuko hapa, kila siku ananiuliza."

"Mpe simu."

Zilisikika hatua, mlango, kisha sauti nzito yenye kuchagua maneno. Walisalimiana. Mama akauliza moja kwa moja, "Nilitoka vizuri?"

"Ulitoka vizuri, mama. Lakini hukuketi peke yako. Uliketi na baba yangu."

Wacuka alieleza jinsi kamera ilivyowaunganisha. Mama alicheka, akamtafsiria mtu aliyekuwa karibu, wakacheka wote. Kisha sauti ikawa ya heshima.

"Basi tumeketi pamoja kabla ya kusalimiana, na hiyo si adabu. Mwambie baba yako nitakuja na wazee wetu, tumsalimie. Wewe utakubali tuje?"

Wacuka alimtazama mzee aliyekuwa bado dirishani na picha mkononi.

"Njooni, mama," alisema. "Nitapika."