Hereni ya Gomti

Kila alfajiri ilianza na ndoo. Mama aliwasha moto, Baba aliondoka kwenda kumwagilia pamba, nami, Jigisha, binti wa miaka kumi na miwili, nilichuchumaa kando ya Gomti nikamkamua huku macho yakifumba kwa usingizi. Kisha nilibeba maziwa hadi kituo cha ushirika, nikapanga foleni, yakapimwa mafuta, nikarudi mbio kunywa chai kabla ya shule. Jioni ilikuwa hivyo hivyo. Gomti hakujua Jumapili.

Alikuwa nyati wa kufugwa, na ndiye pekee aliyetupa maziwa. Pamba ilitulisha mwaka ambao mvua ilikuwa nzuri. Gomti alitulisha kila siku. Ndiyo maana Baba alimkatia bima. Daktari wa mifugo, Kokilaben, alimpiga picha, akaandika umbo la pembe zake na kishungi cheupe cha mkia wake, kisha akamtoboa sikio na kumvisha hereni ya njano yenye namba. "Akifa bila hereni hii, fidia itakuwa shida," alimwambia Baba.

Jirani yetu Bhikhubhai alimcheka Baba sana siku ile. "Ranchhod, unamlipia marehemu ambaye bado anakula majani?"

Mwaka uliofuata nyati wake yeye akafa. Aliuza kipande cha shamba ili anunue mwingine, na tangu hapo mavuno yake hayakumtosha tena. Hakucheka tena habari za bima, lakini pia hakukata yake.

Msimu wa mvua, inzi walijazana kwenye sikio la Gomti, likatunga usaha. Kila nilipomkamua alirusha teke. Nilimwambia Baba, naye alikuwa amechoka kuliko mimi. "Kesho tutamwita daktari," alisema. Kesho hiyo haikufika.

Siku moja ndoo nzima ilipomwagika, nilichukua mkasi wa Mama nikakata kipini cha ile hereni. Nikaosha kidonda kwa maji ya mwarobaini, nikapaka manjano. Sikio lilipopona, hofu ikanishika. Nikaifunga hereni kwa uzi wa njano kwenye tundu lile lile, na kwa mbali ilionekana sawa. Nilikusudia kusema. Kwanza kulikuwa na mitihani, kisha harusi ya binamu, kisha nikazoea kunyamaza.

Wiki moja baada ya Diwali, sikukuu yetu ya taa, Gomti alikataa majani. Koo lilivimba, pumzi zikawa za shida. Kokilaben alikuwa kijiji cha mbali, na alipofika mchana, Mama alikuwa ameshamfunika Gomti kwa sari yake ya zamani. Nililia mpaka nikaishiwa nguvu.

Daktari aliinama, akaishika hereni. Uzi ukakatika, hereni ikabaki mkononi mwake.

"Ranchhodbhai, hii nini?"

"Sijui, Dokta. Kweli sijui."

"Kuna watu huchukua hereni ya nyati mwenye bima wakamfungia mwingine aliyekufa bila bima. Nikiandika ninachokiona tu, watasema wewe ni mmoja wao."

Bhikhubhai, aliyekuja kutupa pole, alimvuta Baba kando, lakini nilimsikia, na Dokta hakuwa mbali. "Sema amejikwaruza ukutani asubuhi hii, imeng'oka, ukaifunga. Nani atabisha? Nyati hasemi."

Baba alijifuta uso. Niliona anaufikiria uongo ule, na nikaona aibu, maana ni mimi niliyemfikisha pale.

"Ni mimi, Dokta," nikasema. Nikaeleza yote, usaha, mkasi, uzi na miezi yangu ya kunyamaza.

Kokilaben hakunikaripia. Alifungua picha za zamani kwenye simu, akalinganisha pembe na mkia, kisha akapapasa tundu la sikio. "Kidonda hiki kimepona siku nyingi," alisema. "Cha asubuhi hii kingekuwa kibichi. Mngeniambia habari ya ukuta, ningejua ni uongo, na faili lingefungwa hapa hapa." Bhikhubhai akaangalia viatu vyake. "Nitaandika kama binti alivyosema. Kampuni ndiyo itaamua, mimi siahidi kitu."

Tulingoja miezi miwili na nusu. Baba alichuma pamba za watu, Mama alikata majani kwa kibarua, na chai yetu ilikuwa ya rangi. Hakuna aliyenigombeza, na hilo liliniumiza zaidi.

Mwishowe fidia ilitoka, imepunguzwa kidogo kwa sababu ya hereni. Baba aliongezea akiba yake akanunua nyati mwingine. Shamba halikuuzwa hata hatua moja. Bhikhubhai alikuja kumtazama yule nyati, kisha akauliza, "Hiyo bima inakatwaje?"

Siku ya kumvisha hereni, Kokilaben aliniita karibu. "Bima haimtajirishi mkulima, Jigisha. Inamsaidia asiuze shamba kwa sababu ya kifo kimoja. Lakini inategemea ukweli, tena ukweli unaosemwa mapema. Ungeniambia siku ile ile, ningemvisha nyingine kwa dakika tano."

Alipoondoka, Baba aliniuliza, "Sikio likiuma tena?"

"Nitakwambia wewe."

"Nami nikisema kesho?"

Nilimtazama. Hakuwa anatania.

"Nitakwenda kwa Dokta mwenyewe, Baba."

"Sawa," alisema, akanipa ndoo.