Tuta Jekundu la Kalerwe

Kaltumi alidhani ni uchafu. Alikuwa amesimama mbele ya benchi la wachezaji, kitambaa cha vumbi mkononi, akaona doa jekundu kwenye kioo cha televisheni, akainama kulifuta. Halikutoka. Akasugua tena, na doa likasogea. Likaenda upande pamoja na barabara, likapotea nyuma ya kona, na vigari vilipozunguka mara ya pili likarudi likiwa kubwa zaidi. Lilikuwa tuta la udongo mwekundu, limechongoka juu, limekaa katikati ya njia ya mashindano.

"Hamim," akamwambia mumewe, "tuta hili lilikuwepo?"

"Gemu haioti vitu, Kaltumi. Toka mbele ya kioo."

Matuta yalikuwepo katika gemu ile ya vigari, tena mengi, na kila mtu aliyewahi kuketi kwenye benchi lile aliyajua. Unaliendea kwa kasi, kigari kinaruka, na kikiwa hewani unabonyeza kitufe kupiga mbwembwe: kigari kinapinduka, kinazunguka, kinachezacheza. Ukitua salama unapewa turbo, unasukumwa mbele kama uliyepigwa teke. Mbwembwe zikiwa ndefu, na turbo huwa kali. Lakini matuta yale yalipakwa rangi ya njano na mishale ya buluu. Hili halikuwa na rangi yoyote. Lilikuwa na vitobo.

Hamim alikuwa Mnubi wa Bombo, dereva wa malori ya kwenda Juba, hadi lori lake lilipopinduka na kumwachia goti lisilokunjika. Baada ya hapo hakuna tajiri aliyempa ufunguo. Yeye na mkewe wakapata kiwanja kidogo nyuma ya maduka ya Kalerwe, karibu na soko, wakajenga chumba cha mbao na mabati cha kuchezea gemu, wakatundika blanketi zito mlangoni ili mwanga usiingie. Nje jua linawaka na wauza matoke wanapigiana kelele. Ndani ni giza tupu na kioo kinachowaka.

Kiwanjani hapo palikuwa na kichuguu kirefu kama mtu. Hamim alikivunja mwenyewe kwa sururu, akautandaza udongo wake, wakaushindilia yeye na Kaltumi kuwa sakafu, kisha wakamwaga saruji juu. Siku ile Emile, kinyozi Mkongo aliyepakana nao ukuta kwa ukuta, alisimama akaangalia.

"Bwana Hamim, kwetu Bukavu kitu kama hii hawavunji bila kuomba ruhusa."

"Basi rudi kwenu ukaombe," Hamim alimjibu.

Tangu hapo hawakuwahi kusemezana kwa wema. Hata hivyo Emile alikuja kucheza kila saluni yake ilipokosa wateja, kwa sababu alikuwa mkali wa vigari kupita wote, na kwa sababu alifurahia kumshinda Hamim mbele za watu. Alimshinda asubuhi, akamshinda mchana. Kila aliposhinda aliweka pedi ya kuchezea chini taratibu na kusema, "Dereva." Neno hilo tu. Hamim alikwenda kulala nalo.

Kwa hiyo tuta jekundu lilipotokea, Hamim hakuuliza limetoka wapi. Alililenga. Kigari chake kilipanda, kikaruka juu kuliko kigari chochote kilichowahi kuruka mle ndani, kikazunguka na kuzunguka, na kilipotua turbo yake ilimwacha Emile nyuma sana. Watu wakapiga makofi. Hamim aliinama akamtazama jirani yake usoni.

"Kinyozi," akasema.

Emile alishika pedi tena. Mzunguko ulipoanza upya alikwenda mpaka mbele ya tuta, kisha akasimamisha kigari. Akaangalia kioo kwa muda, pua yake ikinusa hewa.

"Siruki pale," alisema kwa sauti ndogo. "Kuna mtu amekaa juu yake."

Waliokuwepo wakacheka mpaka machozi. Kaltumi naye alicheka. Lakini alipokuwa akifagia baada ya wateja kutoka, alikuta mbawa za kumbikumbi zimetapakaa chini ya benchi, nyepesi, zinang'aa kama ganda la kitunguu, ilhali ilikuwa kiangazi na mvua haijaonekana kwa wiki nyingi. Na chumba kizima kilinuka udongo uliolowa.

Hamim akawa halali wala hali vizuri, anaruka tu. Kila siku alikaa hewani muda mrefu zaidi. Wateja walipungua, maana walisema wakikaa kwenye benchi wanasikia kitu kinatafuna chini ya miguu yao, polepole, kama mchwa ndani ya boriti. Kaltumi alipiga magoti akaweka sikio kwenye saruji. Kutafuna kukakoma. Kisha kukaanza tena, palepale chini ya sikio lake.

"Hamim, tuiuze mashine hii."

"Unataka nirudi kuwa nani?" Hakugeuza hata uso. "Kule juu goti langu linakunjika. Unajua wewe? Linakunjika!"

Adhuhuri moja, watu wakiwa sokoni na chumba kikiwa na wao wawili tu, aliruka na hakutua. Kaltumi alisubiri kishindo cha magurudumu. Kioo kilionyesha mbingu peke yake, mbingu nyeupe isiyo na jua, na sauti ya injini ikavuma bila kushuka. Aliivuta waya ya umeme ukutani. Mbingu ikabaki.

Hamim aliweka pedi chini, akasimama, akatoka. Macho yake yalitazama mbali, mbele na chini, kama mtu anayechungulia bonde.

"Njoo ule," Kaltumi alimwambia nyumbani.

"Nitakula nikitua."

"Unasema nini wewe?"

"Bado sijashuka, Kaltumi."

Kaltumi alikuwa amepiga deki muda huohuo na sakafu ilikuwa mbichi. Mumewe aliivuka kutoka mlangoni hadi kitandani bila kuacha alama ya wayo. Alijilaza. Kaltumi, akijipa moyo kwamba ni uchovu tu, akalala kando yake; na hapo, mchana kweupe, huku akiwasikia majirani wakitwanga karanga nje, akagundua kwamba godoro lile kuukuu, ambalo kwa miaka yote ya ndoa yao lilibonyea upande wa Hamim na kumvuta yeye kwake atake asitake, siku hiyo lilikuwa limenyooka kama meza.

Alimpigia simu bibi yake huko Bombo, Nuriat, ambaye watu wote walimwita Haboba, yaani bibi, na waliokuwa na mashetani walimwogopa. Haboba alifika siku ya tatu na chetezo chake na kifurushi cha ubani. Hakuingia nyumbani, alikwenda moja kwa moja chumba cha gemu, akaagiza Hamim aletwe aketishwe kwenye benchi. Akafukiza. Akasoma Ayatul Kursiyu mara kadhaa, taratibu, bila kupandisha sauti.

Moshi haukupanda. Ulilala sakafuni, ukaingia katika nyufa za saruji.

"Wewe ni nani?" Haboba aliuliza.

Sauti ilitoka kifuani mwa Hamim, midomo yake ikiwa imefumba. Ilikuwa kavu, ya kutafunatafuna. "Mwenye nyumba."

"Nyumba ipi?"

"Walinivunjia. Wakanishindilia kwa miguu. Sasa nimejenga nyingine humo mnamotazama, na huyu ni mgeni wangu."

"Mrudishe."

"Yeye amekuomba arudi?"

Haboba alimvuta Kaltumi pembeni, nyuma ya blanketi. "Amemweka juu ya nyumba yake," alinong'ona. "Dua yangu haifiki kule, mimi siijui njia. Lazima mtu apande palepale alipopandia, amwangushe. Katika mchezo wenu huo, mtu anaweza kuangushwa?"

"Anaweza. Unamgonga akiwa hewani." Kisha Kaltumi akakumbuka jambo jingine. "Haboba, akitua kuna turbo. Mtu akikaa sana hewani, turbo inakuwa kali. Na yeye yuko juu tangu juzi."

Bibi kizee alimtazama. "Basi mfungeni kwenye kitu kisichong'oka."

Mtu pekee aliyeweza kumgonga mwenzake hewani bila kukosea alikuwa Emile. Kaltumi alimkuta saluni akimnyoa mteja, wengine watatu wakingoja, na mkewe Pélagie akisuka mtu nywele kwenye kona. Alimweleza yote kwa kunong'ona. Mashine ya kunyolea ikazimwa.

"Nilimuonya," Emile alisema. "Akaniambia nirudi kwetu."

"Nakuomba, Baba Reine," alimwita kwa jina la mwanawe. "Nakupigia magoti."

"Miye niko na watoto. Ile kitu niliiona, ilinitazama."

"Emile haendi," Pélagie alidakia kutoka kwenye kona. "Mama Kaltumi, pole, lakini haendi."

Kaltumi alijua angepaswa kuondoka. Badala yake hofu yote ya siku zile ilimgeukia kuwa sumu, ikamtoka mdomoni mbele ya wateja. "Mwanaume mzima unaogopa gemu! Ndiyo maana mlikimbia kwenu. Mume wangu aliruka. Wewe ulisimama kama mtoto anayeogopa maji, na mpaka unakufa utakuwa yule aliyesimama!"

Mteja mmoja alicheka puani. Emile aliwasha mashine yake, akaendelea kunyoa.

Basi Kaltumi akarudi kufanya mwenyewe. Walimfunga Hamim kwenye nguzo ya chuma iliyoshika paa, kwa mipira myeusi ambayo bodaboda hufungia mizigo, kiunoni, mabegani, mapajani. Hakupinga. Haboba alisimama mbele yake na chetezo. "Usipige mbwembwe," alimwonya mjukuu wake. "Panda, mwangushe, shuka. Chochote utakachopewa juu kule, usikipokee."

Kaltumi akashika pedi ya pili.

Kioo kiligawanyika. Upande mmoja mbingu nyeupe. Upande wake, barabara. Aliendesha vibaya, akigonga kuta, viganja vikiteleza kwa jasho, mpaka kona ikafunguka na tuta likasimama mbele yake likipumua kwa vitobo vyake vyote, na juu kabisa pameketi kitu chembamba chenye rangi ya udongo ambacho kiligeuza kichwa, si kumtazama mwanasesere aliyeendesha kigari, bali kumtazama yeye, yeye Kaltumi aliyeketi kwenye benchi, naye hakusimama, alikaza kidole akapanda, na tumbo lake likabaki chini kama linavyobaki mtu anapoanguka kisimani, ila yeye alikuwa akipanda, akipanda, harufu ya udongo ikimjaa kooni, mbawa za kumbikumbi zikimpiga usoni ingawa kioo kilikuwa hatua mbili mbele yake, na sauti ile ya kutafuna ikamwambia karibu kabisa na sikio, kwa upole, bonyeza, bonyeza tu mara moja, huoni ulivyochoka, na kidole gumba chake kikaanza kwenda chenyewe kwenye kitufe, akakiuma kwa meno mpaka akaonja damu, na kupitia machozi akaona mbele yake kigari cha mumewe kinazunguka peke yake katika weupe ule, na usoni mwa Hamim, uso wake hasa, kulikuwa na raha ambayo hakuwahi kuiona tangu siku ya harusi yao, akamgonga.

Walitua. Kigari chake kilidunda tu na kusimama. Lakini kwenye nguzo Hamim alipiga ukelele, na kitu kikamsukuma kutoka nyuma. Mipira ikalia, mmoja ukakatika, bega likateguka kwa mlio uliosikika, nguzo ikainama na mabati ya paa yakafumuka upande mmoja. Mwanga wa jua ukamwagika chumbani. Haboba alikuwa ameanguka chini, bado anasoma. Kioo kikazima.

Kaltumi alimkimbilia mumewe. Alikuwa mzito, mzito kabisa, akining'inia kwenye mipira. Akaushika uso wa mumewe kwa mikono.

"Umerudi," alilia. "Umerudi, Hamim."

Macho yake yalimtafuta polepole. Yalipomfikia hayakuwa na shukrani hata chembe.

"Kwa nini ulinishusha?"

Haboba alikataa mashine ivunjwe. "Mlimvunjia ya kwanza mkaona. Izikeni, mzike kwa adabu." Kaltumi aliizika nyuma ya chumba, katika shimo refu, akamwaga maziwa juu yake kama alivyoagizwa. Hakugundua kwamba dirisha dogo la saluni lilikuwa wazi.

Bega la Hamim lilianza kupona. Moyo wake haukupona. Alikaa kitini akiangalia ukuta, akila kwa kulazimishwa, na mkewe alipomgusa alitoa mkono wake kama anayeondoa mdudu. Siku moja mvua za kwanza zilipokuja, alasiri, mlango wao ukapigwa viganja viwili kwa pamoja.

"Mama Kaltumi! Fungula!" Ilikuwa sauti ya Pélagie, imelowa kilio. "Emile hashuki! Aliifukua ile kitu, alisema hataitwa mwoga na mwanamke. Iko anatembea nyumbani, miguu haigusi! Wewe ulimshusha bwana yako, mama. Nakuomba. Nakuomba!"

Kaltumi alikuwa amekwisha kukamata kitasa. Hapo akasikia kiti kikisukumwa nyuma yake. Hamim alikuwa amesimama. Alikuwa anavaa viatu, akivifunga kamba kwa mkono mmoja, na alitabasamu.

Kaltumi akazungusha ufunguo badala ya kitasa, akauchomoa. Akaegemea mlango kwa mgongo. Nyuma yake mbao zilitikisika kwa viganja vya Pélagie. Mbele yake mumewe alikuja akiburuta goti lake, akasimama karibu hata akaisikia pumzi yake, akamwambia kwa upole ambao hakuwahi kuutumia tangu amwoe:

"Fungua, mke wangu. Twende tukamsaidie mwenzetu."

Hakuwahi, hata siku moja, kumwita Emile mwenzetu. Kaltumi aliukandamiza ufunguo kifuani. Pélagie aliita mpaka sauti ikamkauka, na mlango haukufunguliwa.