Jina Alilolitaja Odeta

Mtoto hakulia alipoangukiwa na kifuniko cha sufuria. Kilimgonga mguuni, kikabiringika hadi mlangoni kwa kishindo, na Luhaga akapanua mdomo, uso ukamwiva, machozi yakatiririka. Sauti haikutoka.

"Mume wangu leo amenuna," alisema Bi Dorotea akimnyanyua. Alimwita hivyo kwa utani, kwa kuwa mjukuu huyu alipewa jina la marehemu mumewe. "Hata kulia hataki. Mama Luhaga, koo lake umeliangalia?"

"Nimeliangalia, mama. Labda ni mafua."

Odeta aliinamia beseni la vyombo ili mama mkwe wake asimwone usoni. Koo hakuwa ameliangalia. Alijua sauti ya mwanawe ilipotelea wapi, na aibu ilimfanya asugue sahani moja mpaka vidole vikamuuma.

Ilikuwa ni ile miwani. Kampuni moja ya mjini ilimpa afanyie kazi nyumbani, pale Mkolani karibu na ziwa, wakati mumewe Masele yuko safarini na lori. Ilifunika macho na masikio. Ukiivaa unaendelea kukiona chumba chako, ila ukutani zinatokea picha za bidhaa nawe unazipanga kwa mkono, hewani. Ukikosea sana, kazi anapewa mwingine. Ndiyo maana ilikuwa na sehemu iliyoitwa Utulivu. Unakinyooshea kidole kinachokusumbua, unakitaja, nayo inakifuta. Hukioni wala hukisikii mpaka uivue. Odeta alianza na kuku. Akafuta redio ya jirani, kisha pazia lililokuwa likipepea.

Jana yake, Bi Dorotea akiwa amekwenda sokoni, mtoto alilia bila kukoma. Odeta alimnyonyesha, akambadilisha nepi, akambeba mgongoni. Mwisho alimweka mkekani, akavaa miwani, akanyoosha kidole. Angeweza kusema "kelele". Angeweza kusema "mtoto". Alisema, "Luhaga."

Mkeka ukabaki mtupu. Kukawa kimya, kimya kitamu, naye akafanya kazi vizuri kuliko siku zote. Alipoivua alimkuta mtoto palepale, mdomo wazi, akilia bila sauti.

Na jina lile halikuwa la mtoto peke yake. Alipozaliwa alilia usiku na mchana, mpaka Bi Dorotea akakaa naye kizingitini akiyataja majina ya waliokufa katika ukoo wao, moja baada ya jingine. Alipofika kwa Luhaga, mtoto alinyamaza. Wote walielewa kwamba mzee ametaka jina lake lirudi nyumbani. Anayemtaja Luhaga anawataja wawili. Odeta alilijua hilo, lakini kidole kilipokuwa hewani hakulikumbuka.

"Unasikia harufu?" Bi Dorotea aliuliza kwa sauti ya chini.

"Harufu gani, mama?"

"Ya ugoro. Humu ndani hakuna anayenusa ugoro tangu mzee afe."

Odeta alisugua sahani nyingine. Bi Dorotea alimtazama kidogo, akamlaza mtoto mkekani, akatoka kwenda kuomba majani ya dawa ya koo kwa jirani.

Hapo ndipo Odeta aliponyakua miwani akaivaa. Alitaka kulitengua jambo kabla halijajulikana. "Mrudishe Luhaga," alinong'ona. "Mrudishe." Chumba kilitulia, mkeka mtupu. Kisha vile vijidudu vya ziwani, vinavyopanda kama moshi kutoka majini, vikaingia dirishani wingu zima, vikazunguka, vikashuka juu ya mkeka, vikatua pale ambapo hapakuwa na kitu, vikatua kwenye bega, kwenye goti lililokunjwa, kwenye mgongo uliopinda wa mtu mzima aliyeketi, mpaka akaonekana kamili, mzee aliyekuwa tundu tupu lililozungukwa na mbawa, na mapajani mwake tundu dogo lililokuwa likirusha miguu, na ndani kabisa ya masikio yake Odeta akasikia kikohozi kikavu, kisha sauti iliyouliza taratibu, bila hasira:

"Mimi ndiye kero?"

Aliivua miwani akaitupa. Vijidudu havikuwapo. Mzee hakuwapo. Mtoto naye hakuwapo.

Bi Dorotea alimkuta akitambaa sakafuni, akipapasa mkeka kwa mikono miwili.

"Unatafuta nini?"

"Luhaga, mama. Simwoni."

"Mama Luhaga," Bi Dorotea alisema polepole, "mtoto si huyo hapo mbele yako? Umemshika mguu."

Kweli alikuwa ameshika kitu laini, cha baridi. Macho yake yaliona mkeka tu.

Aliposimulia, hakuinua uso. Bi Dorotea alimsikiliza mpaka mwisho. Hakumkaripia. Alikoroga unga wa mtama kwenye kibuyu cha maji, akanyunyiza kizingitini, akamwambia, "Mwambie mzee mwenyewe. Usipunguze."

"Baba, nisamehe," Odeta alisema. "Ulimi uliteleza."

Mkeka ulibaki vilevile. Harufu ya ugoro ikazidi.

"Nimekwambia usipunguze," Bi Dorotea alinong'ona. "Anakusikia."

Odeta alikigeukia kizingiti. "Haukuteleza," alisema. "Nilichoka naye. Nilitaka asiwepo. Na alipotoweka nilifurahi, baba. Nilikaa mchana mzima nimefurahi."

Kilio kilipasuka ndani ya nyumba, kikali, cha koo zima, na mtoto akawa pale mkekani, macho mekundu, kamasi hadi mdomoni. Harufu ikaondoka kama mtu aliyepita mlangoni. Odeta alilia kwa sauti bila kujali majirani.

"Mzee amesikia," Bi Dorotea alisema, akifuta macho kwa ncha ya kanga. "Mchukue mwanao, anakuita."

Alikuwa akiita kweli. "Mama," alilia Luhaga. "Mama." Odeta alipiga magoti akamfungulia mikono. Mtoto aliangalia mlangoni, akaangalia jikoni, macho yake yakipita usoni mwa Odeta bila kusimama.

"Nipo hapa, baba. Nipo."

Alimbeba. Mtoto alishtuka, akajinyonga mikononi mwake kama aliyenyakuliwa na upepo, akazidi kupiga kelele, akigeuza kichwa huku na huku kumtafuta mama yake.

Bi Dorotea aliona. Aliyainamisha macho yake chini, kama mtu anayemwonea mwenzake aibu.