Taa Nyekundu ya Onésimo

Kila asubuhi kabla ya shule, Ermelinda hutia kuni jikoni, hupasha moto mkate wa viazi, kisha bibi yake Candelaria humtegea kitendawili. Bila jibu, hakuna kipande cha pili.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Chumba changu hakina mlango wala dirisha, na mwenyewe tu ndiye anayeingia."

Ermelinda alikuna kichwa. "Kaburi?"

"Wee! Asubuhi yote hii unanizika? Nenda shule, kafikirie."

Shuleni kwao Chonchi, mji mdogo wa kisiwani, darasa la sita lilikuwa likivaa kanda za kichwani. Kampuni moja kutoka mji mkuu ilizileta kwa majaribio. Ukanda ulisoma mawimbi ya ubongo; mtoto akiwa makini taa iliwaka kijani, akili ikizurura iliwaka nyekundu, na rekodi zote zilikwenda kwa kampuni. Kila mzazi alitakiwa kutia sahihi fomu kwanza.

Taa ya Onésimo Huenchur iliwaka nyekundu kutwa, ingawa kwa hesabu hakuna aliyemshinda. Yeye hufikiri huku akitazama mvua dirishani.

"Hodi, Taa Nyekundu! Kuna mtu humo kichwani?" wenzake walimtania. Ermelinda naye alicheka.

Jumatatu Onésimo hakuja shule. Jumanne hakuja.

Wiki hiyo Bibi Candelaria alikuwa akijiandaa kuhamisha nyumba yake ya mbao. Majirani na maksai wao wangeivuta nzimanzima juu ya magogo hadi karibu na barabara. Lakini kwanza mwenye nyumba hupita mlango kwa mlango kuomba, na kila mtu hujibu kwa kinywa chake. Ermelinda alimfuata, viatu vimejaa maji.

"Bibi, si ungewapigia simu tu? Wote watakubali."

"Mtu akivunjika mguu chini ya nyumba yangu, nimwambie mkewe nilidhani angekubali?"

Kwa kina Huenchur, mama yake Onésimo alifungua mlango. Aliahidi maksai wawili, kisha akashusha sauti.

"Mama Candelaria, mwanangu amegoma kwenda shule. Anasema kichwa chake kibovu, taa imesema. Na huo ukanda sijui nani aliuruhusu. Siku zile nilikuwa ufukweni navuna mwani."

Masikio ya Ermelinda yaliwaka moto. Yeye ndiye kiongozi wa darasa. Fomu ya Onésimo pekee ilikuwa imebaki bila sahihi, kampuni ilitaka darasa zima, naye alitaka kuonekana hodari. Akaijaza mwenyewe.

"Ni mimi, Mama Onésimo," alisema. "Niliweka sahihi yako."

Onésimo alichomoza nyuma ya mama yake. "Na juu yake ukanicheka!"

"Nilikucheka. Nisamehe. Kesho nitasema mbele ya darasa zima."

"Wakikuvua uongozi?"

"Wanivue."

Kesho yake alisimama akasema yote, wala hakukaa chini mpaka alipomaliza.

"Uongozi umeupoteza," Mwalimu Barría alisema. "Lakini hata mimi nilipokea makaratasi bila kumuuliza mtu hata mmoja."

Kanda zilifungiwa kabatini. Kwa siku nne, kwenye mvua, Ermelinda na mwalimu walipita nyumba kwa nyumba wakieleza ukanda unasoma nini, rekodi zinakwenda kwa nani, na kwamba anayekataa hapunguziwi alama. Wengi walikubali, ila kwa sharti kwamba kila mtoto aone taa yake tu, si ya mwenzake. Familia saba zilikataa. Kampuni iliandikiwa, nayo ikajibu kwa barua kwamba imefuta rekodi za Onésimo. Ermelinda alimpelekea barua hiyo mkononi, na kesho yake Onésimo akarudi shule.

Jumamosi ya wiki iliyofuata nyumba ilivutwa. Kwenye mteremko ilikwama ikiinamia kushoto. Onésimo aliduwaa akitazama mvua.

"Amezurura tena huyo!" mtu alipiga kelele.

"Ongezeni magogo mawili upande wa kushoto," Onésimo alisema. Wakaongeza, nyumba ikapita.

Jioni, kwenye jiko lilelile mahali papya, Ermelinda alisema, "Bibi, kile chumba ni mawazo ya mtu."

"Umepata, mjukuu wangu. Watu wamebuni mashine za kuchungulia humo, na nyingine zitasaidia wagonjwa. Sizikatai. Ila zipige hodi kwanza. Mwenye chumba aelezwe, aitike mwenyewe, na akisema hapana, iwe hapana. Mtu mwingine asimwitikie."

Akamsogezea kipande cha pili cha mkate.