Aliyetoa Udhuru

Krrr. Krrr. Simu ndogo ya batani ilitetemeka ndani ya sahani ya bati, kisha ikanyamaza. Ilikuwa saa kumi na moja alfajiri, Alhamisi ya kwanza ya mwezi, na huko juu ya Tengeru migomba ilikuwa bado myeusi dirishani.

Mama Nathanaeli alikuwa ameiweka simu kwenye sahani kwa makusudi, ili sauti yake isipotee. Hakuufungua ujumbe. Aliweka kiganja juu ya simu mpaka mwanga wake ukazimika, akasema taratibu, "Nimeamka, mwanangu." Kisha akaenda kuinjika kahawa.

Nathanaeli, mwenye simu, alikuwa amelala nyuma ya migomba hiyo, mwaka wa nne sasa.

Asubuhi hiyohiyo mjini, katika duka la stesheneri pale Daraja Mbili, watu walikuwa wamebanana wakisubiri mashine moja ya kuchapa. Mwanafunzi alitaka cheti, mchungaji alitaka ratiba ya ibada, mama mmoja alitaka picha ya marehemu ikuzwe. Katikati yao alisimama Resiato, katibu wa jumuiya ya watumia maji ya mfereji unaoteremka kutoka Mlima Meru. Alivaa sketi ya kitenge cha bluu na sweta jeupe, na shingoni shanga nyembamba alizotungiwa na mama yake kule Sokon. Alichukua bahasha yake, akalipa, akatoka mbio.

Hakufika mbali kabla simu yake haijalia.

"Haloo, samahani. Naongea na jumuiya ya watumia maji?"

"Ndiyo. Nani mwenzangu?"

"Ni mtu aliyesimama mbele ya bosi wake sasa hivi, akamkabidhi tangazo la zamu za mfereji."

Resiato alifungua bahasha yake. Ndani kulikuwa na karatasi za bei za kompyuta. Akacheka, kicheko ambacho yeye mwenyewe alikishangaa.

"Kumbe wewe ndiye mwizi wa matangazo yangu!"

"Naitwa Efraimu. Mwizi ni jina la ukoo. Hapa pameandikwa mkutano wa hadhara, Jumamosi saa nne. Naruhusiwa kuja?"

"Wa hadhara ni wa hadhara. Hatumfukuzi mtu."

"Nije na kiti changu?"

"Uje na karatasi zangu."

Alikuja. Alichelewa, akakuta wameshafika kwenye yatokanayo na muhtasari uliopita, akakaa nyuma kwenye nyasi za uwanja wa shule. Alikuwa mrefu, koti lake la mvua limefifia mabegani, viatu vimejaa tope. Kikongwe mmoja alipokosa pa kuegemea, alivua koti lile akalikunja, akamwekea mgongoni. Resiato aliliona hilo akiwa mezani, kalamu mkononi, na mstari mmoja wa muhtasari ukabaki bila kumalizika.

Baada ya kufunga, mwenyekiti, Mzee Simel, alimsikia kijana huyu akieleza kazi yake ya kompyuta. Hapo hapo akamwomba aje ofisini awahamishie mambo yao kwenye programu mpya ya mikutano, kwa maana ile ya zamani ilikuwa inakufa.

Ofisi ilikuwa chumba kimoja ghorofani. Efraimu alikuja mchana wa Jumatatu, akaja Jumatano, akaja na siku ambazo hakuitwa. Siku ya pili Resiato alikaa kwenye kiti chake akagundua hakiyumbi tena. Mguu mbovu ulikuwa umepigwa kabari, na hakuna aliyejitangaza.

"Sasa njoo nikuonyeshe," Efraimu alisema. "Mikutano yenu yote inafanana. Ufunguzi, muhtasari, yatokanayo, zamu za maji, mengineyo, kufunga. Kwa nini uandike upya kila mwezi? Unatengeneza kiolezo kimoja tu."

"Kiolezo kipo. Nabadilisha tarehe tu."

"Cha zamani. Kiolezo ni kama kalibu ya matofali, Resi. Ukiichonga vizuri, kila tofali linatoka zuri. Ikiwa na kasoro, kasoro inarudi kwenye kila tofali."

Resiato alitazama chini. "Najua," alisema.

"Na hii mengineyo huwa ina nini?"

"Yale ambayo watu waliogopa kuyaweka kwenye ajenda."

"Basi mimi nina mengineyo mengi sana."

"Yasubiri zamu yake, bwana."

Wakawa wanapigiana simu jioni, Resiato akiwa kwao Sokon, Efraimu akiwa kwenye chumba chake cha kupanga Daraja Mbili. "Umekula, mrembo?" "Nimekula." "Umekula nini?" "Wewe ni mwenyekiti wa tumbo langu?" "Naomba uteuzi." Resiato alicheka tena, kisha kila mara akanyamaza ghafla, kama mtu aliyesikia mlango ukifunguliwa chumba cha pili.

Lipo jambo hakumwambia. Kiolezo cha zamani kilitengenezwa na Nathanaeli, katibu aliyemtangulia na mchumba wake. Barua ya posa ilikuwa imeshapokelewa kwao. Nathanaeli alipoweka saa ya kutuma ujumbe kwa wanachama, alitaka saa tano asubuhi, akaandika tano. Kompyuta haihesabu kama sisi, huanza kuhesabu usiku wa manane, kwa hiyo ujumbe ukaenda saa kumi na moja alfajiri na kaya mia mbili zikaamshwa pamoja. Watu walilalamika, wakamtania. Mwezi uliofuata figo zilimlaza. Siku ya kwenda hospitali, akijua hatahudhuria mkutano, aliingia kwenye kiolezo akaandika jina lake mwenyewe penye waliotoa udhuru. Akahifadhi. Hakurudi.

Tangu siku hiyo, kila muhtasari ulitoka na jina lake. Na kila mwezi Resiato alisimama mbele ya watu akasoma: "Aliyetoa udhuru, ndugu Nathanaeli." Watu waliinamisha vichwa kidogo, kisha mkutano ukaendelea. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kulifuta, wala wa kurekebisha saa aliyoiweka. Wakati mwingine, akiwa peke yake ofisini, ukurasa mpya ulipofunguka na jina likajitokeza kabla hajagusa kitu, nywele zilimsisimka. Ilikuwa kana kwamba Nathanaeli ameingia akakaa. Aliogopa, na aliogopa zaidi kwamba siku moja hataingia.

Mara tatu alifungua mdomo amweleze Efraimu. Mara tatu akasema kitu kingine.

Wiki ya mwisho ya mwezi, Efraimu alimpigia kwa furaha.

"Resi wangu, nimemaliza! Kiolezo chako kinang'aa. Nimerekebisha saa, ujumbe utaenda saa tano asubuhi kama watu wengine. Na nimekusafishia. Kuna mwanachama wenu mmoja ana udhuru miaka minne mfululizo, huyo ni mtu au ni mzimu? Nimemwondoa yeye na namba yake."

Resiato aliisogeza simu mbali na sikio, akairudisha.

"Resi?"

"Umemfuta?"

"Nani?"

"Nani alikutuma kumfuta, Efraimu?"

"Nilidhani ni kosa tu la..."

"Usinipigie tena."

Efraimu alipiga, hakupokelewa. Alikwenda nyumbani kwa Mzee Simel akiwa amechanganyikiwa. Mzee alimkaribisha chai, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo kuna mwanaume mwingine, mzee?"

"Yupo, baba. Na wewe umemtoa kwenye mkutano."

Akamweleza yote. Efraimu alishika kichwa. Neno lile, mzimu, lilimrudia mdomoni likiwa chungu. Siku zilizofuata alimwandikia Resiato mara moja tu: *Nimeambiwa. Nisamehe. Nikiruhusiwa nitamrudisha kwa mkono wangu.* Resiato alisoma, hakujibu. Hasira yake haikuwa yote kwa Efraimu, na hilo ndilo lililomnyima usingizi. Sehemu ndogo ya moyo wake ilikuwa imepumua jina lilipoondoka.

Ikafika Alhamisi ya kwanza.

Mama Nathanaeli aliamka kabla ya wakati, akakaa kitandani. Jogoo wa jirani akawika. Kengele ya kanisa ikalia. Sahani ilikaa kimya. Aliiinua simu, akaitikisa, akaiweka tena. Alisubiri mpaka jua likafika kwenye mlango, hajainjika kahawa. Kisha akavaa gauni la Jumapili na viatu vya kufunga, akaizungushia simu kitenge, akashuka barabarani.

Ofisini, pale mwanawe alipokuwa akifanya kazi, alimkuta Efraimu, aliyekuja kukabidhi funguo na kuondoka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Namtafuta fundi. Simu ya Nathanaeli imekufa."

Efraimu alisimama. Alimpa kiti, kile kilichopigwa kabari, akammiminia maji. Akaipokea simu kwa mikono miwili.

"Kila mwezi huwa inaniamsha," mama alisema. "Alikuwa akilala kwangu, ananiamsha saa hiyo tunakunywa kahawa kabla hajashuka mjini. Alipoondoka, simu ikawa inaendelea kuniamsha badala yake. Najua ni mashine, baba. Usinione mjinga. Leo haikulia."

Efraimu angeweza kusema betri imechoka. Wengi wangesema hivyo.

"Simu ni nzima, mama," alisema Efraimu. "Mimi ndiye niliyemwondoa kwenye orodha. Sikujua, na sikuuliza. Nisamehe."

Resiato alikuwa amesimama mlangoni. Alisikia yote. Alipiga magoti pale pale kwenye saruji, sketi yake ikashika vumbi.

"Shikamoo, mama."

"Resiato!" Mama alimshika uso. "Umekonda. Tangu siku ya mazishi sijakuona."

"Nilishindwa kuja, mama. Nilikuwa nasoma jina lake kila mwezi. Nikajiambia hiyo inatosha."

Mama hakumlaumu. Alimfuta machozi kwa ncha ya kitenge kilekile kilichofunga simu.

"Nimrudishe, mama?" Efraimu aliuliza. "Ni dakika moja tu. Kila kitu kitakuwa kama kilivyokuwa."

Mama aliiangalia kompyuta kwa muda mrefu, kama anamwangalia mtu.

"Udhuru hutolewa na mtu atakayekuja siku nyingine," alisema. "Mwanangu haji. Mmemwombea udhuru miaka minne, amechoka na nyie mmechoka. Mwacheni apumzike." Akageuka. "Ila hiyo namba irudishe. Andika jina langu, Ndeshi. Shamba ni langu sasa, na zamu za maji sijawahi kuelezwa. Nitahudhuria mwenyewe."

Efraimu aliandika. Resiato aliinama nyuma ya bega lake akiangalia herufi zikitokea moja moja. Penye waliotoa udhuru pakabaki peupe. Alisubiri nywele zisisimke. Zilisisimka, kisha zikatulia.

Walimrudisha nyumbani mchana huo kwa gari la Mzee Simel, Efraimu akiendesha. Mama alipoingia ndani kuwasha moto, wale wawili walibaki kwenye migomba, karibu na kaburi lenye msalaba wa saruji. Majani yalichezacheza ingawa upepo haukuwepo wa kusemwa. Resiato alitoa majani makavu juu ya saruji, Efraimu akatoa upande wa pili. Mwishowe pakawa safi.

"Nilimwita mzimu," Efraimu alisema.

"Ulisema kweli. Mimi ndiye niliyemfanya awe." Akajifuta mikono. "Ungemdanganya mama yule, nisingekuona tena. Nilisimama mlangoni nikisubiri useme betri."

"Ilinijia."

"Najua. Niliona mdomo wako." Akatabasamu kidogo. "Haya. Tumefungua, tumepitia yatokanayo. Kimebaki nini?"

Efraimu alimtazama, hakuamini. "Mengineyo."

"Sema basi, kabla kikao hakijafungwa."

"Nakupenda, Resi. Nataka kuja kwenu Sokon na wazee wangu. Sitaki umsahau. Nataka nikae na wewe unayemkumbuka."

Resiato aliangalia kaburi, akaangalia viatu vya Efraimu vyenye tope jipya.

"Iandikwe kwenye muhtasari," alisema. "Katibu amekubali. Ila baba yangu anapenda watu wanaofika mapema."

"Nitafika alfajiri."

"Usithubutu!"

Mama aliwaita ndani. Aliwapa ndizi za kuchemsha na maziwa, na kahawa kutoka kwenye miche yake mwenyewe. Vikombe vilikuwa vitatu, na kimoja kilikuwa hakijashuka kabatini kwa muda mrefu, maana alikisuuza mara mbili. Alikiweka mbele ya Efraimu. Resiato alikifahamu.

Simu ilikuwa imerudi kwenye sahani yake.

"Nimekuwekea, mama," Efraimu alisema. "Kila Alhamisi ya kwanza ujumbe utakuja wenyewe. Uwe wa saa tano kama wa wenzako?"

"Mimi niwekee saa ileile ya alfajiri. Nimeshazoea kuamshwa."

"Utakuja saa kumi na moja. Hautakosa."

Mama Ndeshi aliwasindikiza mpaka kwenye gari, akawapakilia mkungu wa ndizi ambao hawakuuomba. Akaushika mlango, hakuufunga. Aliwaangalia wote wawili, mmoja baada ya mwingine.

"Hiyo simu itatetemeka, nashukuru," alisema. "Lakini simu hainywi kahawa, wanangu. Mwezi ujao mje tena."