Paneli Iliyolala Mvunguni

Hamisa alikuwa fundi cherehani wa Kwedigongo, kitongoji cha Handeni kilicho mbali na lami na mbali zaidi na nguzo za umeme. Asubuhi alikwenda shambani kama kila mtu. Akirudi alichota maji na kupika. Kazi ya kushona aliianza jioni, wenzake wakianza kupumzika.

Alifunga tochi kwa kamba kwenye cherehani. Tochi ilimulika sindano tu, nguo yote ikabaki gizani. Betri zikiisha, aliwasha kibatari. Macho yalimtoka machozi kwa moshi, na mishono ikaenda upande.

Siku moja alimkabidhi jirani yake, Sadala, kanzu mpya nyeupe. Sadala ni mtu wa utani. Aliigeuza, akaona doa jeusi la masizi begani.

"Shemeji Hamisa," alisema, "kanzu nimelipia. Huu moshi nao bei gani?"

Hamisa alicheka naye. Alipoingia ndani, alilia. Alijua kwamba Sadala alikuwa anatania, lakini wateja wengine hawatanii. Tayari wanawake wawili walikuwa wamepeleka vitambaa vyao kwa mafundi wa Mkata, ambako kuna umeme. Mwezi wa Ramadhani ulikuwa karibu, na nguo za Idi ndizo kazi yake kubwa ya mwaka. Akiziharibu safari hii, nani angemwita fundi tena?

Wiki ileile, mtendaji wa kijiji aliitisha mkutano. Alieleza kwamba umekuja mpango wa ruzuku ya umeme wa jua. Kaya iliyo mbali na nguzo italipa nusu ya bei ya seti. Nusu nyingine italipwa na mpango. Seti ina paneli, betri, taa nne na mahali pa kuchajia simu. Dukani ni shilingi laki nne. Kwa ruzuku ni laki mbili.

Hamisa alirudi nyumbani mbio. Mumewe, Mzee Mdoe, alikuwa ananoa panga.

"Nusu bei?" Mdoe aliuliza. "Hamisa, mbuzi mzima hauzwi nusu bei. Ukiona hivyo, ujue anaumwa."

"Huyu si mbuzi, ni taa."

"Na nguzo je? Tukifunga sola, watasema hawa wameshapata, wacha tuwapite."

"Nguzo tumezisubiri tangu binti yetu Ikram hajazaliwa," Hamisa alisema. "Sasa Ikram ameolewa na ana mtoto."

Mdoe aliguna. Akarudi kwenye panga lake.

Hamisa aliuza mbuzi wake wawili, wazima kabisa. Alikwenda ofisi ya kijiji na kitambulisho chake cha taifa, akajiandikisha. Alilipa kwa simu, moja kwa moja kwa kampuni iliyoidhinishwa na mpango. Ujumbe wa malipo ulipoingia aliuhifadhi, maana ndiyo stakabadhi yake.

Fundi wa kampuni alifika siku chache baadaye. Nyumba ya Hamisa imeezekwa kwa nyasi, kwa hiyo paneli haikuwekwa juu ya paa. Fundi alichimbia nguzo fupi uani, akaifunga paneli juu yake. Taa moja aliitundika juu ya cherehani. Alionyesha jinsi ya kuwasha na kuzima, akapanda pikipiki yake akaenda.

Vumbi la pikipiki halijatulia, Mdoe akachukua spana.

"Unafanya nini?" Hamisa aliuliza.

"Naifungua. Kesho tunakwenda shambani wote. Nani atailinda?"

Hamisa hakubisha. Mahindi ya vuli yalikuwa yamekomaa, na ngedere hawana huruma. Nyumba nzima ilishinda shambani kuwafukuza. Naye aliogopa wezi, kama mumewe.

Basi ikawa ndiyo desturi. Kila asubuhi Mdoe aliifunika paneli kwa gunia na kuilaza mvunguni mwa kitanda. Alasiri waliporudi, aliitoa na kuiegemeza kwenye mwarobaini. Jua lilikuwa limeshaanza kushuka, na mwarobaini ule una kivuli kizuri sana. Kwa mtu anayetaka kupumzika, mahali pale hapana mfano. Kwa paneli, palikuwa pabaya.

Jioni ya kwanza taa iliwaka vizuri, kwa sababu betri ilikuja imejaa. Jioni ya tatu Hamisa alishona upande mmoja wa gauni, taa ikafifia. Kabla hajageuza upande wa pili, ikazima kabisa.

"Unaona?" Mdoe alisema gizani. "Nusu bei, nusu mwanga."

Mdoe ni mtu anayesikilizwa Kwedigongo. Neno lake lilitembea haraka kuliko yeye. Kisimani wanawake walilisema. Baada ya swala wanaume walilisema. Waliokuwa wamejiandikisha wakaenda kufuta majina yao, mmoja baada ya mwingine. Hamisa aliona aibu kupita mbele ya watu. Mbuzi wamekwenda, mwanga hakuna, na mfungo umeanza. Alikishusha kibatari chake kutoka juu ya kabati, akakipangusa vumbi.

Siku moja adhuhuri Hamisa alibaki nyumbani kushona kwa mwanga wa mlangoni. Paneli hakuitoa, maana alishaikatia tamaa. Akasikia pikipiki. Msichana mmoja alishuka, akavua kofia ngumu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu."

"Asante. Naitwa Grasiana. Natoka Korogwe, ni mkaguzi wa mpango wa ruzuku. Nimekuja kuona seti yako." Aliitazama nguzo fupi uani. Haikuwa na kitu. "Mama, paneli iko wapi?"

"Iko ndani. Imelala."

Grasiana alimtazama Hamisa. Kisha alilitazama jua, lililokuwa utosini.

"Inaumwa?" aliuliza.

Hamisa alitaka kucheka, lakini moyo ulikuwa mzito. Alieleza yote: ngedere, wezi, gunia, mvungu, mwarobaini. Grasiana alisikiliza bila kumkatiza.

"Mama, nikuambie ukweli," alisema. "Nikikuta seti haitumiki, sina budi kuandika haitumiki. Ruzuku inaondolewa. Utatakiwa ulipe bei kamili, au uirudishe seti."

Hamisa alikaa chini kwenye kizingiti. Hakuwa na mbuzi mwingine.

Wakati ule Mdoe aliingia uani. Alikuwa amerudi kuswali. Grasiana alimwamkia kwa adabu, naye akaitikia.

"Binti, umekuja vizuri," Mdoe alisema. "Chukueni kitu chenu. Hakina nguvu."

"Mzee, kinakula nini?"

"Kinakula?"

"Mimi chakula changu ni ugali. Paneli chakula chake ni jua. Saa tatu asubuhi mpaka saa tisa ndio mlo wenyewe, na saa hizo ninyi mnailaza mvunguni. Jioni mnaipa makombo, tena chini ya kivuli. Betri itajaa kwa kitu gani?" Grasiana akatabasamu. "Kwetu ni Dindira, milimani. Asubuhi ukungu unatuficha hata majirani, lakini taa zetu zinawaka. Ninyi Wazigua jua linawachoma mpaka kisogoni, halafu mnaifungia paneli ndani."

"Wasambaa mna maneno," Mdoe alisema, lakini mdomo wake ulikuwa karibu kucheka. Alikaa kwenye kigoda. "Haya, nijibu hili moja. Mtu hanijui. Kwa nini anilipie nusu ya taa yangu? Anataka nini kwangu?"

"Umeuliza la maana, mzee. Kuvuta nguzo mpaka hapa ni gharama kubwa, na itachukua muda. Kuwachangia taa za jua ni nafuu, na mwanga unapatikana sasa. Ndiyo maana serikali na wafadhili wake wameamua kuchangia. Nguzo zikifika, mtaunganishwa kama wengine. Sola haimfuti mtu."

"Na ubovu?"

"Sikiliza jinsi nusu ile inavyolipwa. Hapewi mwenye nyumba, na muuzaji hapewi siku ya kuuza. Muuzaji anaipata baada ya mimi kufika hapa na kuona taa inawaka. Isipowaka kwa ubovu wa seti, anakuja kuitengeneza au kuibadilisha, ndipo alipwe. Sasa niambie wewe, mzee. Muuzaji ambaye nusu ya hela yake bado hajaishika, atakuletea kitu kibovu?"

Mdoe alifikiri. Alikuna kidevu.

"Atakuwa mjinga," alisema taratibu.

"Basi. Nusu bei si kwa sababu kitu ni nusu. Kitu ni kizima, ila malipo yana walipaji wawili. Yule anayeuza paneli mnadani ukishampa hela yote, kesho utampata wapi?"

"Sadala alinunua ya mnadani," Hamisa alisema. "Imekufa kabla ya mvua."

"Hiyo haina dhamana. Hii yenu ina dhamana ya miaka miwili."

Mdoe aliinama, akaingia ndani. Alirudi na paneli mikononi na gunia likiburuzika nyuma.

"Na wezi?" aliuliza. Sauti ilikuwa imeshuka.

"Leteni boksi la seti."

Ndani ya boksi, chini ya karatasi, kulikuwa na pakiti ndogo ambayo hakuna aliyeifungua. Grasiana aliipasua. Zilitoka nati za ajabu na ufunguo wake.

"Hizi hazifunguki kwa spana ya kawaida. Ufunguo ufiche wewe mwenyewe, mzee. Na paneli ina namba, tumeiandika kwa jina la mama. Mwizi akiikamata, ataiuza wapi?"

Waliifunga paneli pamoja. Grasiana aliielekeza kaskazini na kuiinamisha kidogo, ili maji ya mvua yashuke na vumbi. Aliwaambia waipanguse kwa kitambaa chenye maji wakiiona imechafuka, na wakate tawi lolote litakaloleta kivuli.

"Kesho kutwa nitapita nikirudi Korogwe," alisema. "Nikikuta inawaka, nitaandika inawaka."

Alipoondoka, Mdoe alikata matawi ya miiba akaizungushia nguzo, kama boma la ndama. Hilo hakufundishwa na mtu.

Kesho yake shambani Mdoe hakutulia. Ngedere mmoja aling'oa hindi karibu naye, naye akiangalia upande wa nyumbani. Waliporudi, aliwatangulia wote. Paneli ilikuwa mahali pake, na kijitaa cha kijani kwenye betri kiliwaka kuonyesha kwamba imejaa.

Baada ya futari Hamisa aliwasha taa. Chumba kizima kilikuwa cheupe. Alitunga uzi kwenye sindano mara moja tu. Akaanza kushona. Alishona upande wa kwanza wa gauni, akageuza, akashona wa pili. Mdoe alikaa mkekani akiikodolea macho taa, akisubiri izime. Haikuzima. Hamisa alimaliza gauni, akaanza lingine.

"Hamisa," Mdoe alisema mwishowe, "hii haichoki?"

"Mimi ndiye nimechoka," alisema Hamisa, akacheka kwa sauti. Alikuwa hajacheka hivyo kwa muda mrefu.

Grasiana alipita kama alivyoahidi. Aliwasha taa zote nne, akazipiga picha, akaandika. Hamisa alimkumbatia.

Usiku ule, baada ya tarawehe, Mdoe alisimama mlangoni mwa msikiti.

"Jamani, naomba dakika moja. Mimi ndiye niliyesema nusu bei, nusu mwanga. Nimekosea. Seti haina ubovu. Nilikuwa nailaza mvunguni mchana kutwa."

Watu wakaangua kicheko. Sadala alishika mbavu.

"Mvunguni, Mzee Mdoe?"

"Mvunguni. Na wewe ya kwako ya mnadani iko wapi?"

"Nimezibia dirisha la banda la kuku," alisema Sadala, na watu wakacheka upya.

Mdoe aliwaeleza jinsi ruzuku inavyolipwa na kwa nini muuzaji hawezi kuwadanganya. Asubuhi foleni ofisi ya kijiji ilifika barabarani. Hamisa alikuwapo, akiwaelekeza wenzake. "Njoo na kitambulisho chako. Kaya moja, seti moja. Lipa kwa simu kwa kampuni iliyotajwa hapa, usimpe mtu hela mkononi. Ujumbe wa malipo usiufute. Na jamani, paneli ikae juani." Wengi waliwahi kabla uandikishaji haujafungwa.

Vitambaa vilimiminika kwa Hamisa. Wale wanawake wawili waliokwenda Mkata nao walirudi. Alishona magauni, madera na kanzu za watoto, na Sadala akashonewa kanzu nyingine, nyeupe kama maziwa, bila doa.

Asubuhi ya Idi watu walikusanyika uwanjani. Kila ulikotazama uliona kazi ya Hamisa. Mishono ilinyooka, na rangi zilipendeza juani. Wanawake walimpungia mkono kwa mbali. Hamisa alitazama yote hayo. Furaha ilimjaa kifuani.

Baada ya swala, mgeni mmoja mwenye furushi la kitambaa kwapani aliwauliza watu jambo fulani. Walimwonyesha Mdoe. Mgeni akamsogelea.

"Idi njema, mzee. Samahani, wewe ndiye mume wa fundi?"

Tangu utu uzima, Mdoe alikuwa akiitwa Mzee Mdoe wa Kwedigongo, mwenye neno lake. Hakuna aliyewahi kumwita hivi. Aliinyoosha kanzu yake mpya.

"Ndiyo," alisema. "Mume wa fundi ni mimi. Twende nikupeleke kwake."